Mjadala: Masharti ya biashara ya bangi Marekani yanamlinda mteja, au yanamfukuza mdogo sokoni?

Mleta mada (California)

Wakuu, heshima kwenu. Hapa California bangi inauzwa kihalali madukani tangu Januari 2018 kwa yeyote aliyefikisha miaka 21, baada ya wapiga kura kupitisha Pendekezo namba 64 mwaka 2016. Mimi nimo kwenye biashara hii upande wa stoo na makaratasi. Kazi yangu ni kuhakikisha duka halikosani na Idara ya Udhibiti wa Bangi ya jimbo, DCC. Hoja yangu naiweka wazi mapema ili anayetaka kuipinga aipinge: masharti mengi tunayofuata hayamlindi mnywaji wala mvutaji. Yanamkamua mwenye mtaji mdogo, na anayeuza bila leseni mtaa wa pili hayamgusi kabisa.

Kwa ambao hawajawahi kuyaona, ni hivi. Mche unafungwa lebo ya kielektroniki yenye namba yake peke yake. Namba hizo zinafuatiliwa kwenye mfumo wa jimbo uitwao Metrc, kutoka shambani hadi kwa mchakataji, maabara, msambazaji, mpaka rafuni. Mche ukifa kwa ukungu, mkulima haung'oi akatupa tu. Anaandika uzito na sababu. Dukani kila mauzo yaingie kwenye mfumo ndani ya saa 24. Kamera zirekodi usiku na mchana, na picha zitunzwe siku 90. Kumbukumbu za biashara zitunzwe miaka 7. Mlinzi lazima awepo. Kuuza mwisho saa nne usiku.

Juzi wakati wa kufunga tulikuta pakiti ya gramu 3.5 ambayo kwenye kompyuta ipo na kabatini haipo, halafu kabati la pili lina pakiti ya ziada. Muuzaji alikuwa amempa mteja aina moja akaskani aina nyingine, bei ile ile. Tumekaa tunarudisha nyuma kamera mpaka tukaiona ile sekunde, kisha tukaandika maelezo ya kusahihisha. Duka kubwa lina watu walioajiriwa kwa hilo tu. Mwenye duka dogo anafanya mwenyewe, na asubuhi ndiye anayefungua.

Na msidhani upendeleo huu kwa wakubwa umetokea bahati mbaya. Watu walipopiga kura mwaka 2016 waliahidiwa kwamba mashamba makubwa hayataruhusiwa kwa miaka 5 ya mwanzo, ili wakulima wadogo wa kaunti za Humboldt, Mendocino na Trinity, kaskazini mwa jimbo, wapate nafasi ya kusimama. Kanuni za Novemba 2017 zilipotoka, ukomo wa ekari moja kwa mtu ulikuwa umeondolewa, na mwenye fedha akaruhusiwa kurundika leseni ndogo ndogo bila kikomo kwenye shamba moja. Bei ya jumla ilipoporomoka mwaka 2021 na 2022, wadogo ndio walioanza kufunga. Nawapa haki wakisema waliuzwa.

Nipingeni kwa hoja.

Muuguzi (Denver)

Kaka, mimi nakupinga. Umesahau mwaka 2019? Vijana walikuja hospitali mapafu yameungua kwa sababu ya zile kalamu za mvuke. Kufikia Februari 2020, CDC, taasisi ya serikali kuu ya kudhibiti magonjwa, ilikuwa imehesabu watu 2,807 waliolazwa au kufa nchi nzima, 68 kati yao wakiwa wamethibitishwa kufa. Mshukiwa mkuu alikuwa asetati ya vitamini E iliyochanganywa kwenye mafuta ya THC, ile kemikali ya bangi inayolevya, na mengi ya mafuta hayo yalitoka kwa marafiki au wauzaji wa mitaani. Hiyo ndiyo bangi isiyo na makaratasi.

Hapa Colorado tulianza kuuza Januari 2014. Mwanzoni peremende za bangi zilifanana na peremende nyingine zozote. Tangu Oktoba 2017 ni marufuku kuzitengeneza kwa umbo la mtu, mnyama au tunda. Mimi nimempokea mtoto aliyekula za mjomba wake, amelegea mikononi mwa mama, hafumbui macho, na mama anaapa kwamba mtoto hajala chochote zaidi ya peremende. Alipona. Lakini usiniambie sharti la kifungashio kisichofunguliwa na mtoto ni mzigo kwa mfanyabiashara. Mzigo huo aubebe.

Mleta mada (California)

Dada, hapo huna ubishi kutoka kwangu. Kifungashio, kitambulisho mlangoni, miligramu 10 za THC kwa kipande na 100 kwa pakiti, vipimo vya maabara: hayo yabaki na yakazwe. Lakini angalia maabara yenyewe. Anayelipia kipimo ni mwenye mzigo, na soko linataka namba kubwa ya THC kwenye lebo. Basi mwenye mzigo anakwenda kwa maabara inayompa namba kubwa. Jimbo lilibidi liamuru, kuanzia Januari 2024, maabara zote zitumie njia moja kupima THC kwenye maua. Na mwezi Juni mwaka huo huo gazeti la Los Angeles Times likaeleza kwamba bidhaa za dukani, zenye leseni na lebo zote, zilipopimwa upya zilikutwa na viuatilifu.

Ninacholalamikia ni hicho hasa. Mkaguzi akija kwetu anahesabu pakiti. Kilichomo ndani ya pakiti kinategemea karatasi ya maabara iliyolipiwa na mwenye mzigo. Nguvu inayotumika kutafuta gramu 3.5 iliyoskaniwa vibaya ingetumika kununua mzigo rafuni na kuupima upya, mtoto wako na wangu wangekuwa salama zaidi.

Mhasibu (Chicago)

Wote mnaongelea jimbo, na mnayemwacha ni serikali kuu. Kuna kifungu cha 280E kwenye sheria ya kodi ya mapato, cha mwaka 1982, kilichotungwa baada ya muuza dawa za kulevya wa Minneapolis kuruhusiwa na mahakama kutoa gharama za biashara yake kwenye hesabu za kodi. Kinasema anayeuza dawa za Kundi la Kwanza au la Pili, makundi yanayobanwa zaidi kwenye sheria ya dawa za kulevya ya serikali kuu, hatoi gharama za uendeshaji. Anatoa gharama ya mali aliyonunua tu.

Chukueni mfano. Duka limeuza dola milioni 1. Mali ilinunuliwa kwa 600,000. Pango, mishahara, mlinzi na kamera ni 350,000. Faida halisi ni 50,000. Kampuni ya viatu ingelipa asilimia 21 ya hizo 50,000, yaani 10,500. Duka la bangi chini ya 280E linalipa asilimia 21 ya 400,000, yaani 84,000. Kodi imezidi faida. Kwa hiyo mleta mada, kila kamera mnayofunga kutimiza sharti la jimbo, serikali kuu inaihesabu kama haipo. Wateja wangu hawafi kwa Metrc, wanakufa kwa hiki kifungu. Ndiyo maana watu wameng'ang'ania bangi ihamishiwe Kundi la Tatu, ambalo 280E hailigusi, jambo ambalo Trump alisaini amri ya kuliharakisha Desemba 2025.

Mchangiaji (New York)

Mhasibu yuko sahihi kuhusu kodi, ila msilisamehe jimbo. Hapa kwetu sheria ilipita Machi 2021 na duka la kwanza likauza mwisho wa Desemba 2022. Leseni za mwanzo za watu binafsi walipewa waliowahi kuhukumiwa kwa bangi, wao au ndugu zao wa karibu, na mimi niliunga mkono kwa moyo wote. Duka liwe futi 500 kutoka eneo la shule. Watu walipeleka anwani, ofisi ya jimbo ikapima, ikakubali, wakakopa, wakajenga. Mwaka 2025 ofisi ile ile ikasema ilipima vibaya: ilihesabu kutoka mlango wa duka hadi mlango wa shule, wakati sheria ilikuwa inataka mpaka wa kiwanja cha shule. Zaidi ya biashara 100 zikajikuta ziko nje ya sheria zikiwa hazijasogea hata hatua moja. Waliambiwa waendelee kuuza wakati sheria ikitafutiwa marekebisho, lakini nani atakukopesha ukiwa na barua kama hiyo mkononi? Hawa walitii kila kitu.

Mchangiaji (Minneapolis)

Samahani kuingilia, ila humu wengi wetu si raia bado na sioni mtu anayelisema hili. Hapa Minnesota bangi ilihalalishwa 2023 na vijana wetu wanaona matangazo ya kazi. Aprili 2019 idara ya uhamiaji, USCIS, ilitoa mwongozo kwamba kujihusisha na bangi, hata pale jimbo linaporuhusu, kunaweza kukunyima sifa ya mwenendo mwema unapoomba uraia. Kuajiriwa kwenye biashara hiyo kumo. Meya wa Denver wa wakati huo, Michael Hancock, alimwandikia Mwanasheria Mkuu wa nchi mwaka huo huo kulalamika kwamba wakazi wake wanakwamishwa uraia kwa ajira halali kabisa ya jimbo. Mleta mada, wewe unaajiri. Mwenye Green Card akija kuomba kazi, unamwambia?

Mleta mada (California)

Namwambia, kabla hajajaza fomu. Namwambia kwamba leseni ya duka na stakabadhi yake ya mshahara, vyenye muhuri wa jimbo na kodi imekatwa, ndivyo vitakavyokuwa ushahidi dhidi yake mbele ya ofisa wa uhamiaji. Namwambia akamwone mwanasheria wa uhamiaji kwanza, asinisikilize mimi. Wengine wanaondoka. Wengine wanasema kodi ya nyumba haingoji, wanasaini. Mwajiri asiyelisema hili ni dhalimu, na sielewi kwa nini jimbo, linalotulazimisha kubandika onyo kwenye kila pakiti, halitulazimishi kumpa mfanyakazi onyo hata moja. Hilo ni sharti ambalo ningelitekeleza kesho.

Mhasibu, nakubali hesabu yako, naongeza tu kwamba 280E haielezi kwa nini miji na kaunti nyingi za California hazitoi leseni za maduka hadi leo. Pale mnunuzi ananunua kwa jirani asiye na mlinzi, maabara wala kamera. Dada wa Denver, ungekuwa diwani wa mji kama huo, ungepiga kura gani?