Ushauri jamani: kijana anataka kuingia futiboli ya Kimarekani, baba yake hataki kusikia

Mama Tanga
Shikamooni wakubwa, wadogo zangu hamjambo. Tuko Indianapolis mwaka wa tisa sasa. Kwetu Tanga, na mpira tunaoujua ni wa Coastal Union, siyo huu wa yai.

Kijana wangu wa kwanza ana miaka 15, anacheza soka shuleni, mguu wa kushoto. Kocha wa futiboli alimwona akipiga kona, akamwita awe kika, yaani yule anayeingia kupiga mpira upite katikati ya nguzo mbili. Mume wangu amekataa katakata. Anasema hatukuvuka bahari mtoto aje avunjwe kichwa.

Kilichomtia moto kijana ni msimu huu wa Chuo Kikuu cha Indiana. Mwaka 2023 walishinda mechi 3 kati ya 12. Akaja kocha Curt Cignetti, mwaka uliofuata wakashinda 11, na msimu wa 2025 wamecheza 16, wameshinda zote 16! Alabama walipigwa 38-3, Oregon 56-22, na fainali ya taifa ya vyuo, Januari 19, Miami wakalala 27-21. Kazini kwangu hata wazee wasiojua mpira walivaa nyekundu wiki nzima.

Ila kuna usiku mmoja hautoki kichwani mwangu. Desemba 6, fainali ya Big Ten, ligi ya vyuo anayocheza Indiana, hapa hapa mjini kwetu. Indiana 13, Ohio State 10, dakika zinayoyoma. Kika wa Ohio State akaja kusawazisha, yadi 27 tu, kwao hiyo ni kama penalti. Mpira ukapita nje ya nguzo. Jengo letu zima lilipiga kelele. Mwanangu hakupiga kelele. Alikuwa ameshika mto kifuani, anamtazama yule kika anavyotembea kurudi pembeni, akasema, "Mama, yule naye ana mama yake." Nikajiuliza, huyu ndiye anataka kubeba mzigo ule?

Nimruhusu? Na baba yake niongee naye vipi?

Mbeba Boksi wa Columbus
Dada, mimi niko Columbus, mji wa Ohio State, upande uliolia usiku ule, pole yangu mwenyewe. Kuhusu kichwa: kika ndiye anayeguswa kidogo kuliko wote. Ukimgonga akiwa anapiga, timu yako inaadhibiwa yadi 15. Lakini usimwambie shemeji kwamba hakuna hatari kabisa. Mpira wa kuanzia ukirudishwa kwa kasi, kika anaweza kubaki mtu wa mwisho wa kumzuia mkimbiaji. Muulize kocha: mtoto akigongwa kichwa nani anampima, na nani anaamua arudi uwanjani? Akibabaika kujibu, mtoe siku hiyo hiyo.

Bi Mkubwa
Mimi nasimama na baba. Siyo kwa sababu ya mifupa, kwa sababu ya daftari. Watoto wanaona zile taa, hawaoni kwamba kucheza daraja la juu la vyuo kunadai masomo 16 ya msingi hai skuli na wastani usiopungua 2.3 kati ya 4. Ana miaka 15, hesabu hiyo imeshaanza. Keti naye muifungue ripoti yake ya shule kabla ya kufungua kiatu.

Kijana wa Uvira
Mama, shikamoo. Nilicheza hai skuli hapa Marekani. Usiweke hesabu za pesa kabisa. Makika wengi wanaingia chuoni bila ufadhili, wanapambania nafasi wakiwa ndani. Na Indiana hii imejengwa sana na wachezaji waliohamia. Fernando Mendoza, kwotabeki (yule anayeongoza mashambulizi) aliyebeba Heisman, tuzo ya mchezaji bora wa vyuo, alihamia kutoka Chuo Kikuu cha California. Kundi la kwanza Cignetti alikuja nalo kutoka chuo cha James Madison, alikokuwa kocha kabla. Kijana acheze kwa sababu anaupenda.

Lingine, soka na futiboli zote zinaanza Agosti. Shule nyingine zinaruhusu mtoto acheze zote mbili, nyingine haziruhusu. Uliza mapema asije akapoteza soka yake.

Na lile alilosema kuhusu yule kika, mimi lingenifanya nimruhusu. Ameuona mzigo wote na bado anautaka.

Mbeba Boksi wa Columbus
Swali moja dada. Shemeji amewahi kumwona akipiga?

Mama Tanga
Hajawahi. Anaingia shifti jioni, na jioni ndipo mtoto anatoka na mpira wake nyuma ya majengo. Hana kile kigingi cha kuusimamishia, kwa hiyo mdogo wake wa kike anaulaza kwenye majani na kuushika kwa kidole kimoja, amefumba macho. Wanalenga kati ya nguzo mbili za kuanikia nguo.

Bi Mkubwa, ripoti tumeifungua jana. Hesabu iko vizuri, Kiingereza kimeshuka. Amekubali kubaki na mwalimu kila Jumanne. Swali la kichwa nimeliandika, namwona kocha wiki ijayo.

Jumamosi baba yake hana kazi. Amesema atakuja kusimama tu, asiulizwe kitu. Nimemwambia avae koti zito, maana watapiga mpaka giza.