Huyu mshenzi anayecheka kwenye majani kanivunjia heshima mbele ya mama mkwe

Wakuu habari za usiku, salamu zitakuja baadaye maana bado natetemeka na kidole kinachoandika hapa ndo kilekile kilichokuwa kwenye triga muda si mrefu.

Mnamjua. Yule mbwa wa gemu la kupiga bata, Duck Hunt, anayeanza gemu ananusanusa chini kama mstaarabu, mkia umesimama, anashtuka, anaruka anapotelea majanini, unasema aah huyu ni mwenzangu kazini, kaenda kunikurupushia bata. Kumbe wapi!

Binamu yangu kahama kaniachia TV ya chogo na ile mashine ya kaseti na bunduki yake, ile kaseti imeandikwa magemu laki kadhaa kumbe ni manne yanajirudia. Mama mkwe yupo kwetu, katoka Tanga, wanangu wapo, mke yupo. Nikajisemea leo ngoja wanione. Nikawaambia enzi zetu mtaani bata walikuwa wakisikia jina langu wanaghairi kuruka. Nikasimama, mguu mmoja mbele, jicho moja nimefumba.

Bata katoka. Paa. Paa. Paa. Anga lote likageuka pinki, bata huyoo kaenda zake. Sebule kimya. Halafu AKATOKEA. Taratiiibu kutoka kwenye majani, mkono mdomoni, macho kafumba, mabega yanapanda yanashuka, na ule mlio wake. Nageuka nyuma namkuta mama mkwe kashika khanga mdomoni, mabega yanapanda yanashuka. Wakuu wote wawili walikuwa pozi moja. POZI MOJA.

Na kinachoniuma hatoki ukiwa na risasi. Anakaa kule chini anahesabu, moja, mbili, tatu, zimeisha, ndo anainuka. Nimevuta triga mpaka kucha imekufa ganzi, haendi hata kukohoa. Nikasogea hadi mtutu unakaribia kugusa kioo, mwanangu ananiambia baba hiyo ni bunduki sio mkuki. Nikakosa tena. Akatoka tena. Mkono mdomoni.

Na ukipata je? Anatokea kamning'iniza bata shingoni anatabasamu utadhani kaua yeye! Jasho langu, sifa zake! Kazi yake yote ni kunusa na kucheka na hajawahi kufukuzwa kazi tangu miaka ya themanini!

Mama mkwe mpaka sasa akinipita koridoni anaweka khanga mdomoni. Naombeni ushauri, au hata matusi tumtukane wote.

---

Kipanga Mtupu: Bata gani ulimkosa mkuu? Yule mweusi wa raundi ya kwanza, wa pointi 500, anayeruka kama kabeba kiroba cha mchele? Pole sana. Nimeandika hii kwa mkono mmoja, wa pili uko mdomoni.

Da Zuu: Mimi niko upande wa mama mkwe. Mwambie anisalimie.

Fundi Chogo: Mkuu hakikisha TV ni chogo kweli. Ile bunduki haitoi kitu, inapokea. Ukivuta triga skrini inakuwa nyeusi kufumba na kufumbua halafu pale alipo bata panatokea kiboksi cheupe, bunduki ina jicho linaangalia kama limeona giza kisha mwanga. Kwenye flati picha inachelewa, unaweza ukapiga hadi Krismasi hupati hata unyoya.

Mwenye uzi: Ni chogo, nimeibeba mwenyewe ghorofa ya tatu kiuno hakinyooki. Usimtetee huyo mshenzi kwa umeme.

Kipanga Mtupu: Fundi kashakuzibia njia ya kutokea. TV nzima, bunduki nzima, kilichobaki kuharibika hapo ni kimoja tu na tunakijua.

Tomaso wa Pili: Elekeza kwenye taa ya sebuleni, utapata kila risasi. Sisi tulikuwa tunafanya hivyo.

Fundi Chogo: Kwa gemu hilo hapana. Lazima ianze na giza ndo uje mwanga, taa ya sebuleni inawaka muda wote. Mlikuwa mnadanganyana.

Tomaso wa Pili: Unanifundisha utoto wangu?

Bibi Harusi Mstaafu: Kaka chagua gemu C pale mwanzo. Kule unapiga visahani, yeye hayupo kabisa. Utacheza kwa amani.

Mwenye uzi: Dada yangu nihame MIMI? Nimekosewa mimi halafu nihame mimi? Yeye ndo ahame! Nimetoka chooni saa hizi namsikia mama mkwe chumbani anamsimulia mtu kwa simu, "akatokea kwenye majani mwanangu". Anasimulia hadi ule mkono.

Mpole Kiasi: Afu nikupe habari mbaya zaidi. Mwaka 2014 Nintendo walimwingiza kwenye Super Smash Bros, lile gemu la kupigana, yuko na yule bata wake kama mtu na rafiki yake. Mchezaji kamili, yuko ulingoni na kina Mario.

Mwenye uzi: WAKAMPANDISHA CHEO???? Na bata?? Kumbe walikuwa wanajuana muda wote huo???

Kipanga Mtupu: 😂😂😂 mnamuua huyu mzee leo

Fundi Chogo: Ila kuna toleo la yale makabati ya kuingiza sarafu, lilitoka mwaka uleule wa 1984, kule kuna raundi ya bonasi jamaa anaruka juu katikati ya bata na ukifyatua ovyo unampata kweli. Anatokea na bandeji na gongo anakulalamikia upige bata sio yeye.

Mwenye uzi: Liko wapi hilo kabati? Nauza kiwanja Chanika, kina hati, sitanii.

Da Zuu: Kiwanja ukubwa gani?

Mwenye uzi: Da Zuu tafadhali. ALICHEKA. Mkono mdomoni.

Msafwa Online: Nyie mnalia na mnyama wa kwenye kioo, mimi nina binadamu. Mnajua lile gemu A la bata mmoja, ukichomeka pedi ya pili mwenzio anaweza kumwendesha bata? Kaka yangu utoto mzima alikuwa anakaa nyuma yangu na pedi kaifunika kwa shuka, mimi najua bata ana akili. Nimekuja kusoma mtandaoni nikiwa na watoto wawili. Nimempigia simu kakata.

Tomaso wa Pili: Hiyo ni kweli au ndo kama taa yangu?

Fundi Chogo: Hiyo kweli.

Bibi Harusi Mstaafu: Kama ni binadamu basi naomba niseme yangu. Gemu la vifaru, mnalijua, mnalinda ile alama ya ndege tai kule chini yenye ukuta wa matofali. Mume wangu ananipiga MIMI. Ukimpiga mwenzio anaganda, haendi popote, anawakawaka tu hapo. Nikiganda adui wanapita, anasema umezubaa.

Kipanga Mtupu: Huyo ana nafuu. Mdogo wangu alikuwa anaanza gemu tu anageuza kifaru anatoboa matofali anailipua tai yetu wenyewe. Gemu limeisha. Unamuuliza kwa nini, anasema alikuwa anaona kama itapona.

Msafwa Online: Hiyo ni hasara ya makusudi. Alikuwa hataki zamu yake ya kuosha vyombo ipite, maana mnaocheza hamtumwi.

Da Zuu: Kugandisha mwenzio kunaruhusiwa lakini, kama kachukua nyota ambayo ni zamu yako. Ile nyota ndo nguvu ya risasi, huwezi ukala zote peke yako.

Bibi Harusi Mstaafu: Da Zuu hakuna zamu ya nyota! Anayefika kwanza anachukua!

Da Zuu: Ndo maana unagandishwa mama.

Bibi Harusi Mstaafu: Kumbe. Mume wangu ameingia humu kwa jina la kike?

Mwenye uzi: Jamani uzi huu ulikuwa wa yule mshenzi wa kwenye majani, nimevunjiwa heshima kwangu, mama mkwe

Tomaso wa Pili: Subiri kidogo mzee, hili la nyota halijaisha. Swali kwa wote: ikitokea nyota karibu na mimi lakini mwenzangu bado hana hata moja, inakuwaje?

Da Zuu: Unamwachia.

Kipanga Mtupu: Unachukua unakimbia.

Msafwa Online: Unachukua, halafu unamgandisha ili asilete maneno.

Mpole Kiasi: Mwenye uzi hiyo chogo inchi ngapi, na bunduki inauzwa pamoja? Nina 40 na boda yuko nje.