Mpishi Mfaransa anawezaje kuwa na migahawa nchi kumi wakati mikono yake ni miwili?

JikoNyegezi ameuliza:

Ndugu wanajukwaa, nawasalimu kutoka Mwanza. Mimi ni mpishi katika hoteli moja ya hapa jijini, na huu ni mwaka wangu wa sita jikoni. Miaka mitatu iliyopita wenye hoteli walimleta mpishi mkuu Mfaransa kwa mkataba wa miezi minne ili atutengenezee menyu mpya. Alikuwa mtu wa kazi, hilo silipingi. Alimchukua sato wetu huyu huyu wa ziwani, akamkaanga upande wa ngozi mpaka ngozi ikakauka na kulia kama karatasi, akammwagia mchuzi mweupe wa siagi, na wageni waliozoea sato na ugali wakaanza kuulizia chakula kile hata kabla hawajavuta kiti. Alipopanda ndege kuondoka, wiki haikuisha. Mchuzi ulianza kukatika kama tui lililoachwa motoni, kila mpishi akautengeneza kwa namna yake, na baada ya miezi miwili chakula kile kikafutwa kwenye menyu.

Baadaye nikaambiwa kwamba wapo Wafaransa wenye migahawa Tokyo, New York, London na Dubai kwa wakati mmoja. Nimejaribu kusoma habari zao, lakini nyingi ni picha za sahani na sifa. Ninachotaka kukifahamu ni kazi yenyewe: mtu huyu huanzia wapi, hutokaje kwao, ni nani anayemiliki mgahawa unaobeba jina lake, na akiwa Tokyo, nani anaonja mchuzi wa London? Nina mpango wangu mdogo, ambao nitaueleza nikishapata majibu.

MwalimuWaSufuria amejibu:

Mdogo wangu, swali lako la mwisho ndilo zito kuliko yote, kwa hiyo nitaanza nalo.

Mwaka 1984 Alain Ducasse, mtoto wa wakulima wa kusini-magharibi mwa Ufaransa, alikuwa hajatimiza miaka 28 na tayari alikuwa na nyota mbili za Michelin, kile kitabu cha Kifaransa kinachopima migahawa, ambapo nyota tatu ndizo za juu kabisa. Ndege ndogo aliyopanda ilianguka katika milima ya Alps, na wote waliokuwemo walifariki isipokuwa yeye. Alilazwa kwa muda mrefu, akapasuliwa mara nyingi, huku jiko lake likiendelea kupokea wageni. Mwenyewe ameeleza kwamba pale kitandani ndipo alipojifunza kuongoza jiko bila kusimama ndani yake: kukifikiria chakula, kukiandika, kisha kumwachia mwingine akipike. Mwaka 1987 alikabidhiwa mgahawa wa Le Louis XV huko Monaco kwa mkataba uliomtaka apate nyota tatu ndani ya miaka minne, naye alizipata mwaka 1990. (Monaco si Ufaransa, ingawa ukiwa unatembea kwa miguu unaweza kuuvuka mpaka bila kujua.) Kutoka hapo akaenda London, Tokyo, Doha na kwingineko. Ukiniuliza mimi, maisha yake ya kazi nje ya nchi yalianzia kwenye kitanda kile cha hospitali, wala si Monaco.

Hata hivyo, hakuwa wa kwanza. Mpishi Mfaransa Auguste Escoffier alifika London mwaka 1890 kuongoza jiko la hoteli ya Savoy, akaligawa katika sehemu: mmoja na michuzi, mwingine na samaki, mwingine na nyama za kuchoma, mwingine na vitamutamu, na juu yao mkuu mmoja anayekagua kila sahani kabla haijatoka. Mnamo 1903 alichapisha kitabu chake kikubwa cha mapishi, chenye maelfu ya maelekezo mafupi mafupi yaliyokusudiwa kwa mpishi anayejua kazi. Ukiliweka jiko katika mpangilio kama huo, mpishi akiugua leo, mwingine anashika nafasi yake na mgeni hatambui. Jiko lenu, kwa jinsi ulivyosimulia, lilikuwa na mtu mmoja tu aliyejua, naye akaondoka na ujuzi wake kichwani.

Kuhusu mahali wanapoanzia: wengi huanza wakiwa watoto. Daniel Boulud, aliyekulia shambani karibu na Lyon, aliingia jikoni akiwa na miaka 14, na Joël Robuchon alianza akiwa na miaka 15. Miaka ya mwanzo ni ya kumenya, kuosha na kuchota, chini ya mkuu mmoja baada ya mwingine, na ni hao wakuu wanaokuja kukutuma nje. Jean-Georges Vongerichten, mzaliwa wa Alsace, alifundishwa na wapishi wakuu wa Ufaransa: Paul Haeberlin, Paul Bocuse na Louis Outhier. Ni Outhier aliyemtuma Bangkok mwaka 1980, kijana wa miaka 23, akaongoze jiko la Kifaransa katika hoteli ya Oriental. Huko alikutana na mchaichai, tangawizi na tui la nazi, vitu ambavyo bibi yako na wangu wasingeviona kuwa habari, lakini kwake vilikuwa kama kujifunza kusoma upya. Alifanya kazi pia Singapore na Hong Kong, akaingia Marekani mwaka 1985, na New York akafungua JoJo mwaka 1991 na Vong mwaka 1992. Vong ilichanganya upishi wa Kifaransa na wa Kithai. Kabla yake, Wafaransa wengi waliokwenda nje walibeba siagi na krimu wakaipikia dunia chakula cha kwao. Yeye alipunguza siagi na krimu, akaweka maji ya mboga na mafuta yaliyotiwa viungo.

Robuchon naye alistaafu mwaka 1996, akiwa na sifa zote ambazo mpishi angeweza kuzitamani, kisha akarudi mwaka 2003 na migahawa ya L'Atelier, mmoja Tokyo na mmoja Paris. Wageni waliketi kwenye kaunta ndefu mbele ya jiko lililo wazi, wakiwaona wapishi, jambo alilolipenda katika vibanda vya sushi vya Japani na baa za vitafunwa za Hispania. Angalia mwelekeo wake: Mfaransa amekwenda Japani, amejifunza namna ya kukaa, amerudi nayo Paris. Na chakula kilichompa jina kuliko vyote kilikuwa viazi vya kuponda vyenye siagi nyingi. Viazi, mdogo wangu.

HesabuZaMwaloni amejibu:

Mwalimu amemaliza upande wa jiko, nami niongeze upande wa fedha, kwa sababu hapo ndipo wengi hudanganyika. Mgahawa wa nje unaobeba jina la mpishi mashuhuri mara nyingi si mali yake. Mwenye hoteli ndiye anayejenga, ananunua majiko na vyombo, analipa mishahara na kubeba hasara. Mpishi anatoa jina, menyu, maelekezo na watu aliowafundisha, naye analipwa ada pamoja na sehemu ya mauzo. Anaahidi kufika mara kadhaa kwa mwaka, na anamweka mpishi mkuu mkaazi, ambaye kwa kawaida amefanya naye kazi kwa miaka mingi. Huyo mkaazi ndiye anayeonja mchuzi wa London. Mkataba ukiisha, jina linang'olewa mlangoni na jengo linabaki kwa mwenyewe. Hata Vong iliyotajwa hapo juu ilifika mahali ikafungwa.

Manunuzi ya jikoni nayo yana mambo yake. Escoffier na meneja wake, César Ritz, waliachishwa kazi Savoy mwaka 1898 kwa tuhuma za fedha, na kwa upande wa Escoffier zilihusu kamisheni kutoka kwa wauzaji wa bidhaa. Mwaka uliofuata tayari alikuwa katika jiko la hoteli ya Carlton, London hiyo hiyo. Yeyote aliyewahi kununua samaki wa hoteli pale Mwaloni Kirumba anajua kamisheni hukaa wapi, kwa hiyo kwenye mpango wako, kaka, amua mapema nani ananunua na nani anahesabu.

Neno lingine ni kuhusu kuandika. Nimefanya kazi ya ukaguzi katika kiwanda cha minofu. Mwaka 1999 Umoja wa Ulaya ulisimamisha ununuzi wa samaki wa Ziwa Victoria kwa hofu ya samaki waliovuliwa kwa sumu, na wote tuliokuwa pembezoni mwa ziwa tuliliona hilo mifukoni. Soko liliporudi, lilirudi na karatasi: samaki ametoka mwalo gani, amepokelewa saa ngapi, na barafu ilikuwa na joto kiasi gani. Wazee walicheka kwamba sangara sasa ana cheti kuliko watoto wao. Lakini mnunuzi aliye mbali haoni mkono wako, anaona karatasi yako. Kwa hiyo hapa Mwanza somo hili tumelipata zamani kwa sangara, ila jikoni hatujalihamishia.

MkaziWaIgoma amejibu:

Samahani, lakini tunapamba. Mfaransa anaitwa Tokyo au Dubai kwa sababu nchi yake ina jina kabla yeye hajafungua mdomo. Kitabu cha nyota ni cha kampuni ya matairi ya huko huko kwao, kilichoanza mwaka 1900 kwa ajili ya wenye magari, na nyota wakaanza kuzigawa mwaka 1926. Mpishi wa Mwanza akitaka kufungua mgahawa Lyon, ataanza na foleni ya viza, kisha ataulizwa ugali ni nini. Tusimwambie kijana kwamba kinachokosekana ni daftari tu.

MwalimuWaSufuria amejibu:

Ndugu yangu wa Igoma, hilo la jina la nchi nakubaliana nalo kabisa, na nakiri nililipita. Ila kijana hakuuliza jinsi ya kwenda Lyon. Ameuliza kwa nini mchuzi ulikatika wiki moja baada ya mtu kuondoka, na hapo uraia wa Kifaransa haukusaidia kitu.

Na kwa kuwa tumeugusa mchuzi wenyewe: ule mweupe wa siagi ni chakula cha watu wa mto Loire, ambao nao hula samaki wa maji baridi kama sisi. Huchemshwa vitunguu vidogo katika siki na divai mpaka maji yabaki kidogo sana, kisha siagi baridi huongezwa kipande kimoja kimoja huku unakoroga, kwa moto mdogo, bila kuruhusu uchemke. Ukichemka, mafuta hujitenga. Ndimu yetu inaweza kushika nafasi ya siki, nimejaribu. Siagi ya kupaka mkate iliyotengenezwa kwa mafuta ya mimea haiwezi, na nina hakika hapo ndipo hoteli yenu ilipobana matumizi.

MamaKirumba amejibu:

Mwanangu, mimi ni mama lishe, sijui Kifaransa wala nyota. Nina hoteli yangu ndogo karibu na Mwaloni, na ya pili niliifungua Nansio, Ukerewe, chini ya mdogo wangu wa kike. Mwezi wa kwanza watu wa Nansio walikula vizuri. Mwezi wa pili wakasema supu ya mama wa Mwanza si hii. Nikapanda kivuko kwenda kumgombeza, nikakuta anapika kama nilivyomwonyesha, kwa jicho. Jicho lake na langu halilingani, na hakuna kosa lake hapo. Nilirudi nikampelekea kikombe changu cha bati, kile cha chumvi, na kingine cha unga, na sufuria ya namba ile ile ninayotumia mimi. Supu ikarudi.

Supu yenyewe ni ya mapanki, mifupa ya sangara inayobaki kiwandani baada ya minofu kuondolewa. Zamani nilikuwa naichemsha nusu siku nikidhani inaongezeka utamu. Mgeni mmoja mpishi aliniambia kwao mchuzi wa mifupa ya samaki hauzidi nusu saa, ukizidi unakuwa mchungu. Nilimwona ana kiburi. Nikajaribu siku ambayo wateja ni wachache, na tangu hapo sizidishi nusu saa. Mkaa pia umepungua.

JikoNyegezi amejibu:

Mwalimu, shikamoo. Mama yangu wa Kirumba, shikamoo. Nawashukuru nyote, na wewe wa Igoma pia, kwa kuwa ulichosema kimenipunguzia ndoto ambazo sizihitaji.

Mwalimu umepatia: siagi ilikuwa ya mkate. Meneja alibadilisha siku ya nne, na hakuna karatasi iliyomzuia.

Mpango wangu ni huu. Mwenzangu niliyesoma naye ana chumba cha biashara Bukoba, na tunataka kufungua mgahawa wa samaki wenye meza nane, yeye akiwa huko na mimi nikibaki na ajira yangu hapa mpaka utakapojilipa. Nilikuwa nimeandaa menyu ile ile ya hoteli, yenye viazi vya kukaanga. Baada ya kusoma habari za yule wa Bangkok nimefuta viazi, kwa sababu ni aibu kwenda Bukoba ukaacha ndizi. Nitamweka sato juu ya ndizi zilizopikwa kwa mchuzi wa mifupa, uliochemka nusu saa. Umiliki tutagawana sawa, manunuzi atafanya yeye, hesabu nitaziona mimi kila jioni kwa simu.

MwalimuWaSufuria amejibu:

Marahaba. Kabla hujakata tiketi ya meli, fanya jaribio moja. Mwite huyo mwenzako aje Mwanza, mpe maelekezo uliyoyaandika kwa gramu na dakika, kisha utoke jikoni. Usimwonyeshe kitu na usimjibu swali. Kila atakapokwama, karatasi yako ndiyo yenye kasoro.

JikoNyegezi amejibu:

Nimempigia simu, anakuja Jumamosi. Yeye atapika, mimi nitakaa mezani na kalamu. Mama Kirumba, naomba utuuzie mapanki ya kilo tano, na kama hutajali, tuazime kile kikombe cha bati nikakipime ujazo wake.