Vitabu 16 vilivyoondolewa mashuleni: mzazi ana pa kuulizia?

MLETA MADA: Wadau, salaam. Februari 2023 Waziri wa Elimu wa Tanzania, Prof. Adolf Mkenda, alitangaza kupiga marufuku vitabu 16 mashuleni, shule za serikali na za binafsi, kwa maelezo kwamba vinakwenda kinyume na mila, desturi na maadili yetu. Vingi kwenye orodha ni vya mfululizo wa Diary of a Wimpy Kid, vile vya michoro ya yule mtoto Greg.

Mwanangu alikuwa darasa la tano, shule ya mchepuo wa Kiingereza. Ujumbe ukaingia kwenye grupu la wazazi saa mbili usiku: mwenye vitabu vilivyotajwa arudishe kesho asubuhi. Kimoja kilikuwa juu ya friji, kimevalishwa karatasi ya kaki, tiketi ya daladala ndiyo alama ya pale alipofikia. Usiku ule nikakisoma chote, nikitafuta ubaya wenyewe. Nilimkuta mtoto mvivu, muongo kwa mama yake, mchoyo kwa rafiki yake. Mfano mzuri? Hapana. Lakini Sungura wa hadithi za bibi alikuwa nani kama si tapeli, na tumekua naye.

Asubuhi nikamuuliza mwalimu mkuu ni ukurasa upi. Akasema yeye anapokea maelekezo tu. Nauliza: mzazi asiyekubaliana na kitabu kuondolewa anaanzia wapi? Au hatuna pa kuanzia?

MAMA WATATU: Mkuu, umetaja hivyo vya katuni tu. Vingine mbona umeviruka? Mimi nina watoto watatu na biashara, natoka saa kumi na moja alfajiri. Nitasoma kila kitabu kinachoingia kwenye begi saa ngapi? Serikali ikinichujia nashukuru. Mtoto wa miaka tisa hana chujio lake mwenyewe. Na tusidanganyane, humu kuna watu wakisikia marufuku yoyote lazima waipinge.

MLETA MADA: Umenishika pazuri, mama. Hivyo vingine sijavisoma, kwa hiyo sivitetei. Na sipingi kuchuja. Chekechea si sawa na kidato cha nne. Ninachodai ni sababu ya kila kitabu iandikwe, na mtu wa kuisikiliza sababu yangu mimi awepo. Maneno "maadili yetu" ni mapana mno. Ukiyatandika juu ya rafu yanafunika kila kitu.

MWALIMU WA KIJIJINI: Niongee kama mwalimu wa shule ya serikali. Kwetu "maktaba" ni kabati lenye kufuli ofisini kwa mkuu, na ufunguo anao yeye. Vya kiada vinakuja vikiwa na ithibati. Vya hadithi vinaletwa na wafadhili kwenye maboksi, vingi Kiingereza kitupu, na watoto wenyewe Kiingereza ni cha kubahatisha. Huyo Greg hatujawahi kumwona.

Ila marufuku ilitufikia kwa njia nyingine. Mwenzangu alipekua boksi zima akatoa kitabu cha wanyama kwa sababu jalada lina upinde wa mvua, akihofia utachukuliwa kama alama ya ushoga. Hakikuwemo kwenye orodha. Nilipomuuliza akanijibu, "Mwalimu, mimi nina miaka sita nistaafu." Ningemlaumu vipi? Kwenye orodha vipo 16, lakini ukihesabu na vile walimu wanavyoondoa kwa hofu hutapata idadi, maana hakuna anayeandika.

NIPO MAREKANI: Huku ni vita ya kila wiki, na wanaosimama mbele ni wazazi na wanafunzi. Mfano ni Central York, jimbo la Pennsylvania. Bodi ya shule ilizuia walimu kutumia orodha ndefu ya vitabu na filamu, vingi vinahusu watu weusi na Walatino au vimetungwa nao. Septemba 2021 wanafunzi wa sekondari wakawa wanasimama nje ya shule na mabango asubuhi kabla ya masomo, halafu wanaingia darasani kama kawaida. Mwezi ule ule bodi ikaondoa zuio.

Na kuna kioja cha Utah. Jimbo lilipitisha sheria mwaka 2022 ya kuondoa vitabu vyenye mambo ya ngono mashuleni. Mzazi mmoja katika wilaya ya Davis, kwa kuikejeli sheria hiyo, akalalamikia Biblia kwa vigezo vile vile. Mwaka 2023 Biblia ikatolewa kwenye maktaba za shule za msingi na za kati! Zikapigwa kelele, bodi ya elimu ya wilaya ikakaa, Biblia ikarudishwa. Upanga huo mkiunoa, msidhani utakata upande mmoja.

MZEE WA BUSARA: Marekani ni Marekani. Huku mwanafunzi asimame getini na bango, jioni yuko nyumbani na barua ya kusimamishwa. Msiwaponze watoto wa watu.

MLETA MADA: Ni kweli, mzee, na ndiyo maana sisemi watoto. Nasema sisi tunaolipa ada na michango. Mimi na wazazi wenzangu tuliandika barua ya ukurasa mmoja. Hatukupinga agizo la wizara. Tuliomba mambo matatu: orodha ya vilivyoondolewa ibandikwe ubaoni, visivyo kwenye orodha virudi rafuni, na mzazi mwenye hoja apewe nafasi kwenye kikao.

MAMA WATATU: Hilo la pili naliunga mkono. La tatu mtapiga porojo tu mpaka saa mbili usiku, nawajua wanaume wa vikao. Barua mliipeleka kwa nani?

MLETA MADA: Kwa mwenyekiti wa bodi ya shule, nakala kwa Afisa Elimu Kata. Kwa shule ya msingi ya serikali ungeipeleka kwenye kamati ya shule. Tulianza wazazi 11, siku ya kusaini tukabaki tisa. Orodha ilibandikwa. Vitabu vinne vikarudi, kimoja cha mapishi. Mpaka leo sijui kilikosa nini. Kuhusu kikao tuliambiwa tusubiri.

MWALIMU WA KIJIJINI: Mkuu, naomba nakala ya hiyo barua. Futa majina.