Mjadala: Je, kinachokwamisha nishati jadidifu katika nchi zinazoendelea ni uhaba wa miradi au ni mikopo yenyewe?

Ndugu wachangiaji, hoja inayorudiwa mara nyingi ni kwamba fedha zipo, ila nchi zinazoendelea hazina miradi iliyoandaliwa vizuri kiasi cha kukopesheka. Naipinga hoja hiyo, ingawa si yote.

Kituo cha umeme wa jua au wa upepo hakinunui mafuta. Karibu gharama yake yote hulipwa kabla ya uniti ya kwanza kuuzwa, tena kwa sehemu kubwa kwa fedha za mkopo, ilhali mtambo wa dizeli ni nafuu kuujenga na gharama yake halisi hujitokeza kidogo kidogo kadiri unavyochoma mafuta. Kwa hiyo riba huweza kuamua bei ya umeme wa jua kuliko hata ukali wa jua lenyewe. Shirika la Kimataifa la Nishati limekwisha kueleza kwamba gharama ya mtaji, yaani riba na faida wanayodai wenye fedha, katika nchi hizi hufikia mara mbili au tatu ya ile ya nchi tajiri. Paneli ni zilezile na viwanda ni vilevile.

Ndani ya gharama hiyo kuna jambo ambalo sioni likipewa uzito unaostahili, nalo ni sarafu. Mara nyingi mkopo hutolewa kwa dola au yuro, lakini mteja hulipa ankara kwa sarafu ya nchi yake. Sarafu hiyo ikishuka thamani, deni hupanda hata kama mitambo inafanya kazi bila kasoro. Na ikiwa mkataba wa kuuziana umeme umeandikwa kwa dola, mzigo huhamia kwa shirika la umeme la taifa, kisha kwa mwananchi au kwa hazina ya serikali. Mkopeshaji, mwenye uwezo mkubwa zaidi wa kuubeba, ndiye anayeuepuka. Afrika Kusini, iliyoanza zabuni zake za nishati jadidifu mwaka 2011, ilipanga malipo kwa randi, sarafu yake yenyewe, na benki za ndani zikatoa sehemu kubwa ya mikopo. Mtanijibu kwamba nchi chache zina soko la fedha la namna hiyo, na ni kweli. Lakini nchi nyingi zina mifuko ya pensheni ambayo akiba yake imelala kwenye hatifungani za serikali.

Ninapokubaliana na upande wa pili ni kuhusu serikali na mashirika ya umeme. Mradi wa upepo wa Ziwa Turkana nchini Kenya, wa megawati 310, ulikamilika mwaka 2017, lakini njia ya kusafirisha umeme ilichelewa hadi 2018, na Kenya ikalazimika kulipia umeme usiomfikia mtumiaji. Hata huko Afrika Kusini, Eskom, shirika la umeme la taifa, ilikaa miaka kadhaa, hadi 2018, bila kutia saini mikataba ya washindi wa zabuni. Mkopeshaji anayeyaona hayo ana haki ya kuogopa.

Hata hivyo, ahadi ambayo nchi tajiri zilitoa kwenye mkutano wa tabianchi wa Copenhagen mwaka 2009, ya kuzipatia nchi zinazoendelea dola bilioni 100 kila mwaka ifikapo 2020, ilitimia kwa mara ya kwanza mwaka 2022 kwa hesabu za OECD, shirika la ushirikiano wa kiuchumi ambalo wanachama wake wengi ni nchi tajiri, na sehemu kubwa ya fedha za umma zilizohesabiwa ilikuwa mikopo. Wanaosema kikwazo ni miradi mibovu wanieleze: benki za maendeleo, ambazo wanahisa wake ni serikali, zina sababu gani ya kutokopesha kwa sarafu ambayo mradi unaiingiza?