Mrejesho: bunduki yangu ya .30-06 ya kuwindia imenyooka

Wakuu, niliuliza kwa nini .30-06 yangu inapiga kulia, tena juu ya alama kwa mita 100. Nimerudi uwanja wa shabaha. Matundu matatu ya risasi yalikaa sentimita 7 kulia. Kliki moja (hatua moja ya kitufe cha kurekebisha) ya darubini ni kama milimita 7 kwa umbali huo, nikazungusha 10 kushoto, yaliyofuata yakaja mstari wa katikati. Ile sentimita 5 ya juu nimeiacha makusudi: mtutu umeelekea juu kidogo kuliko mstari wa jicho, hivyo risasi ya greni 180 (uzito wa kama gramu 12) inapanda kisha inashuka kukutana na alama mita 200. Mita 300 imeanguka zaidi ya sentimita 20. Huko napiga karatasi tu, mnyama hapana. Aliyeshauri nianze na mita 25 ili nisipoteze risasi nyingi, ubarikiwe. Bei ya risasi mnaijua.