Mbegu za kilua kutoka kaya: ni kuokoa au ni kupora?

Mwenye mada, Kisauni

Assalaam aleikum wanapwani. Kuna jambo limezua maneno baina yetu waotesha maua: je, sisi wa mjini twende tukaombe mbegu za kilua kwenye misitu ya kaya, ile mitakatifu ya Wamijikenda, au tutosheke na mikilua iliyomo nyuani mwetu? Mimi nasema tukaombe. Nitaeleza sababu, kisha mnikosoe.

Mkilua, ambao wataalamu wa mimea waliupa jina Mkilua fragrans mwaka 1970, ni mti mdogo wa misitu ya pwani ya Kenya na Tanzania. Penginepo duniani hauoti mwitu. Mjini tunao kwa sababu ya ua lake linukialo, kilua, la kufungia vikuba, yaani vishada vya maua, na kutia nguo harufu. Sasa zungukeni kwa wauza miche wa barabarani. Kilua utakikuta mwisho kabisa, nyuma ya mawaridi, kwenye mkebe wa samli uliotobolewa kwa msumari, majani ya chini yamepakaa vumbi. Muulize muuzaji mbegu ilitoka mti gani. Mimi huuliza kila mara, na wengi hunielekeza kwenye nyua zilezile chache. Tunauziana ndugu wa tumbo moja.

Ubaya uko wapi? Mkilua ni wa ukoo mmoja na mstafeli, mtopetope na mlangilangi. Katika ukoo huo ua huanza likiwa jike, chavua yake hutoka baadaye, kwa hivyo linahitaji chavua ya ua jingine. Ikiwa majirani wote ni ndugu, vizazi vitaoana ndugu kwa ndugu, na mbegu hudhoofika. Wanaootesha kwa matawi wamezidisha, maana tawi lina vinasaba vilevile vya mama. Tumeona yaliyoupata mgomba wa Gros Michel, uliozalishwa kwa machipukizi tu: ugonjwa wa Panama uliufagia kwenye mashamba makubwa ya biashara kufikia miaka ya 1960. Ukaja Cavendish, nao sasa unaandamwa na aina mpya ya kuvu wa ugonjwa huohuo, ambayo mwaka 2013 ilikutwa imefika Msumbiji. Si mbali na kwetu.

Muuza miche, Kongowea

Ndugu yangu, umesema vizuri lakini hukai na wateja. Mama anayekuja kwangu anataka kilua kinukie kama cha mamake. Nikiotesha mbegu za mti ninaoujua, nampa kitu ninachoweza kukitetea. Mbegu ya msituni sijui itatoa nini, na itanikalia kitaluni huku nanunua maji ya mkokoteni. Nani atanirudishia? Kisha mimi sijaona mikilua ikifa kwa maradhi. Unatutisha na ndizi.

Kijana wa Kinondo

Mie nataka kuuliza: nani kawaambia kaya ni ghala la akiba la watu wa Mombasa? Anayeingia Kaya Kinondo hufungwa kaniki, kile kitambaa cheusi, huongozwa, na hatoki na hata jani. Hilo haliko kwa ajili ya watalii. Misitu hii imebaki kwa sababu ya miiko ya wazee, kabla Serikali haijaanza kuitangaza kuwa turathi za taifa mwaka 1992, na kabla UNESCO haijaiweka kwenye orodha yake mwaka 2008.

Na historia mnaijua. Mwaka 1892 Mjerumani mmoja aliyekuwa mtawala huko Tanga, Walter von Saint Paul-Illaire, aliokota ua dogo la zambarau la Usambara akampelekea babake Ujerumani. Leo ua hilo limejaa madirishani Ulaya na Marekani, limekuwa biashara kubwa ya vyungu, na sehemu kubwa ya aina zake zimetokana na mimea michache ya mwanzo. Watu wa Usambara wamepata nini? Na huko msituni ndugu zake wa mwitu wako hatarini. Na nyie mtaanza hivyohivyo, "mbegu kidogo tu". Kanuni za mwaka 2006 za kufikia rasilimali za vinasaba zinataka ruhusa ya wenyewe kwanza, halafu kibali cha NEMA, mamlaka ya mazingira ya Kenya. Nenda nazo.

Mwalimu wa baiolojia, Likoni

Kijana ana haki kwenye ruhusa, lakini nisaidieni kutenganisha mambo. Kuchukua mche ni kuondoa mti. Kuchukua sehemu ndogo ya mbegu kutoka miti mingi ni jambo jingine. Kanuni inayofuatwa na wakusanyaji wa mbegu tangu 1975 ni mimea 50 hadi 100 kwa kila eneo, ili vinasaba visivyo adimu sana vipatikane. Tunda moja moja, miti mama mingi. Tatizo la watu wetu ni kuvuna gunia kutoka mti mmoja ulio karibu na njia, halafu wanajisifu wamehifadhi.

Ila na wewe wa Kinondo, kaya haikai salama kwa kufungwa tu. Zimebaki vipande vidogo, vimetawanyika takriban kilomita 200 za pwani, na mashamba yamezitenga. Kundi dogo lililotengwa hupoteza vinasaba kwa bahati tu kila kizazi, hata asipoingia mwizi. Huenda kaya moja inacho ambacho nyingine haina. Kwa hiyo kila kaya iandikwe peke yake, mama kwa mama, na mche wa mjini usirudishwe kaya yoyote kwa jina la kupanda miti. Mkivuruga hapo, hatutajua tena kipi ni cha wapi.

Bi mkubwa, Mji wa Kale

Wanangu, mwabishana habari za msitu na hapa nyua zaisha. Nyumba ya jirani yangu ilikuwa na mkilua nyuma ya kisima, sijui wa zamani gani. Warithi waliuza, pakajengwa ghorofa, ua ukawa maegesho ya magari. Hapana aliyechukua hata mbegu. Anzeni kwetu kabla hamjaenda kwa watu.

Mwenye mada

Shikamoo Bi mkubwa. Hilo lanifanya nigeuze mpangilio. Nyua kongwe kwanza: kila mkilua uandikwe ni wa nyumba gani na ulikuja kutoka wapi, maana wajukuu hawajui na wenye kujua wanaondoka. Tukishajua tunacho nini, ndipo tutajua tunaomba nini kayani. Ndugu wa Kongowea, wewe endelea na mti wako unaonukia, lakini weka pembeni mikebe ya mama wengine, na uandike mkebeni.

Bado sikubaliani na Kinondo kwamba kuomba ni kupora.

Kijana wa Kinondo

Sikusema kuomba. Nilisema mtaanza hivyo. Njooni kwa wazee na karatasi ya nyua zenu mkononi, na mseme wazi miche ikiuzwa kaya itapata nini. Mkija na magunia, mtarudi nayo matupu.

Muuza miche, Kongowea

Na maji nitalipiwa na nani? Hakuna aliyejibu.